Tusimtunzie Mwizi Siri

(Maneno ya Mratibu wa Miradi kwenye semina ya wahazini na kamati za sharika, Tanga)



Naomba nianze na mama mmoja, mhazini wa kikundi cha akina mama wilayani Muheza. Akiwa anamngoja fundi wa bati, alipata ujumbe: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Akadhani ni fundi, akatuma shilingi 180,000. Kwa aibu alinyamaza wiki tatu, akawa anafidia kidogo kidogo kwa fedha ya machungwa yake. Katika wiki hizo tatu, mhazini wa mtaa wa jirani aliibiwa kwa ujumbe uleule.

Ndugu zangu, hasara ya kwanza aliileta mwizi. Ya pili tuliileta sisi, maana tumezoea kumcheka aliyetapeliwa.

Tangu huduma ya M-Pesa ianze nchini mwaka 2008, michango na marejesho ya VICOBA vimehamia kwenye simu, lakini mafunzo hayakufuata kwa kasi hiyo. Wafadhili nao wanawindwa. Rafiki yetu mmoja wa Ulaya alipata barua pepe yenye jina langu, ikimwambia kuwa akaunti ya mradi wa kisima imebadilika. Anwani ilitofautiana na yangu kwa herufi moja tu. Alinipigia simu kwanza, na kisima kikapona.

Mwizi wa mtandao haonyeshi pasi pale Horohoro. Kwa sababu hiyo Umoja wa Afrika ulipitisha mkataba wa usalama wa mtandao huko Malabo mwaka 2014, ukaanza kutumika mwaka 2023. Nasi tunayo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Lakini polisi wa nchi mbili watashirikiana vipi juu ya wizi ambao hakuna aliyeutaja?

Kwa hiyo nawaomba mambo manne:

1. Fedha ya kikundi isitumwe kabla watu wawili hawajakubaliana, na mpokeaji apigiwe kwa namba mliyoizoea, siyo iliyokuja na ujumbe.

2. Namba ya siri asipewe mtu yeyote, hata anayejiita mfanyakazi wa kampuni ya simu.

3. Ujumbe wa kitapeli utumwe namba 15040 ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA. Fedha ikishatoka, ipigiwe kampuni ya simu saa hiyohiyo, kisha twende polisi.

4. Wafadhili wetu, barua yoyote ya kubadili akaunti msiifuate mpaka mmesikia sauti mnayoifahamu.

Yule mama leo ndiye anayefundisha wenzake, akianza kila mara na kisa chake mwenyewe. Tangu aanze kusema, wengine watano wamejitokeza. Tuwapokee bila kicheko.