Kiboko Hana Kizimba

Huko Gansbaai, Afrika Kusini, wageni walio likizoni huingia baharini ndani ya kizimba cha chuma, wapate kumtazama papa uso kwa uso. Sisi wa Kisumu hatuna papa. Ziwa letu ni la maji baridi. Tuna kiboko, na kizimba hatuna.

Mgeni hupanda mashua pale Dunga, akalipa, akaogopa kwa saa moja, akarudi kula samaki. Ni furaha halali, wala simlaumu. Nahodha mzoefu hukaa mbali, wala hapiti kati ya kiboko na kilindi, wala kati ya mama na mwanawe. Maana mnyama huyu wa tani moja na nusu au zaidi huweza kuzama dakika tano hivi asionekane.

Mchana hukaa majini asiunguzwe na jua. Usiku hutoka kula majani, kilo 40 hivi. Sasa, ndugu msikilizaji, ni nani mwingine aliye ziwani usiku? Ni mvuvi wa omena na taa yake. Huyu halipi ili aogope.

Katika Ayubu 40 Mungu anamwonyesha kiboko Ayubu, ambaye amekwisha kuweka mkono kinywani. Mezani twashukuru kwa samaki. Aliyemvua tumemtaja mara ngapi?

Mwezi ukiwa gizani mitumbwi itatoka tena. Alfajiri kina mama watangoja ufuoni na mabeseni yao, wakihesabu taa zinazorudi.