Hatutaki Siasa Humu

(Maneno haya niliyazungumza mbele ya kina mama wa jamaa zetu, nyumbani Dima wa Tayyin, baada ya sala ya Isha. Nayaweka hapa kama nilivyoyasema, ila majina ya watu nimeyaondoa.)



Mama zangu, shangazi zangu na dada zangu. Nimeombwa nizungumze juu ya makundi yetu ya kwenye simu, haya ya WhatsApp, kwa kuwa mimi ni muuguzi na watu hudhani muuguzi ana dawa ya kila kitu. Dawa sina. Nina khabari moja ya nyumbani kwetu, na wengi wenu mnaijua nusu yake tu.

Nianze mbali kidogo. Wazee wetu walirudi Omani, wengine baada ya 1964, na wengi zaidi baada ya 1970, Sultan Qaboos alipoingia madarakani na kuwaita Waomani waliokuwa nje. Wakarudi, lakini nusu ya nyumba wakaiacha Unguja, Pemba na Dar es Salaam. Huku kwetu milimani mnajua wenyewe, wadi ikijaa hakuna anayetoka wala anayeingia. Simu ilikuwa ghali. Basi watu wakitumiana kaseti. Miaka ya 90, mimi mdogo, msafiri akifika kutoka Unguja bibi hufunga mlango, huiweka redio katikati ya mkeka, na sote tunakaa kimya. Salamu peke yake zilikula robo saa! Nyuma ya sauti unasikia jogoo, unasikia muuza samaki anapita. Siku moja bibi akaisimamisha kaseti, akairudisha nyuma, akasikiliza tena, kisha akasema: "Dada yangu mgonjwa huyu. Sikilizeni anavyokata maneno." Katika kaseti ile hakuna aliyetaja ugonjwa. Akamtuma kaka yangu kwa yule msafiri akaulize, na kweli, alikuwa mgonjwa wiki ya tatu, wamemficha asishtuke.

Bibi hakusoma uuguzi. Skuli yenyewe hakuwahi kuingia.

Sisi wajukuu tukaja na Yahoo Messenger yetu. Tulikuwa saba, wa Omani wanne na wa kule watatu. Kimbunga cha Gonu kilipotupiga Juni 2007, mawasiliano yakakatika, na binamu yetu wa Dar es Salaam akawa kila jioni anakwenda kukaa kwenye intaneti kafe kungojea majina yetu yawake. Yakawaka moja moja. Alinambia baadaye kuwa alikuwa akiyahesabu kama mtu anayehesabu watoto wake kabla ya kufunga mlango usiku. Yahoo Messenger wenyewe wakaifunga Julai 2018, na yote tuliyoandikiana mle yamekwenda.

Sasa nije kwenye kundi letu la ukoo. Lilianza 2014. Watu 61: Dima wa Tayyin, Ibra, Maskati, Unguja, Dar es Salaam na wawili watatu Uingereza. Msimamizi ni shangazi. Oktoba 2015 mnaikumbuka. Uchaguzi wa Zanzibar ulifanyika tarehe 25, na tarehe 28 Mwenyekiti wa Tume, Jecha Salim Jecha, akaufuta. Mle kundini tuna watu wa CCM na tuna watu wa CUF, ndugu wa tumbo moja. Kwa siku tatu walitukanana matusi ambayo barazani, uso kwa uso, wasingeyathubutu. Watu kumi na mmoja wakaondoka. Ndipo shangazi akaandika juu ya kundi: HATUTAKI SIASA HUMU.

Nasema wazi, maneno yale yalituokoa. Waliotoka walirudi mmoja mmoja, wa mwisho alirudi harusini. Sikuja hapa kumlaumu shangazi.

Lakini ikaja korona. Huku Omani wagonjwa wa mwanzo walitangazwa tarehe 24 Februari 2020, na baada ya muda mfupi mimi nilikuwa navaa barakoa mbili na kulala chumba cha nje nisimwambukize mama yangu. Kule Tanzania hesabu ikasimamishwa, wagonjwa 509 na vifo 21, na Juni Rais Magufuli akatangaza kuwa nchi imeshaondokewa na maradhi. Julai zikaja kanuni mpya za maudhui ya mtandaoni, zikikataza kutoa khabari za mripuko wa maradhi bila ya idhini ya wahusika. Binamu yangu wa Unguja akaniandikia pembeni: "Dada, usiandike neno hilo kundini, utatuponza." Basi korona ikawa siasa. Kijana wetu mmoja wa Uingereza aliandika takwimu, shangazi akazifuta na kumkumbusha sharti. Tukawa tunasema "mafua makali". Tukawa tunasema "changamoto ya kupumua". Ndugu zangu, mtu anakufa kwa changamoto?

Mwanzoni mwa Februari 2021 ami yangu wa Unguja alituma sauti kundini. Sekunde arubaini. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, nimekaa garini, sijawasha gari. Akasema: "Hamjambo... wanangu... mimi... sijambo... kifua kidogo tu." Nikairudia. Nikatazama saa yangu nikahesabu. Pumzi 34 kwa dakika. Mtu mzima aliyetulia huvuta 12 hadi 20. Mtu asiyeweza kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi hafai kuwa nyumbani, hilo tunafundishwa mwaka wa kwanza. Na kundini majibu yanateremka: Amin, Amin, Allah akushufie, maua, mikono ya dua, halafu mapishi ya nyungu, mwarobaini kiasi gani na mchaichai kiasi gani.

Mimi niliandika: "Allah akushufie ami yangu." Basi. Mimi muuguzi mwenye shahada, ukoo mzima ulinichangia nikasoma.

Kwa nini? Nimejiuliza miaka. Ami ni mkubwa wangu, na ameshasema hajambo. Sharti limeandikwa pale juu. Na wa Unguja walikuwa na khofu, nami nikajifanya nawahifadhi. Siku mbili baadaye ndipo nilipomwandikia binti yake pembeni, nikamwambia atafute kile kipimo cha oksijeni cha kidoleni. Akakiazima kwa jirani. Kikaonesha 78. Sisi ikishuka chini ya 94 tunaanza kushughulika. Walimpeleka usiku ule, na kesho yake Alasiri akafariki. Allah amrehemu. Ilikuwa kama wiki moja kabla ya Maalim Seif, ambaye chama chake kilikuwa kimeshasema hadharani kuwa ana korona, na aliyefariki tarehe 17 mwezi ule ule.

Angepona? Sijui. Nimewaona waliofika mapema wakafa na waliochelewa wakapona. Lakini siku mbili zile nilizikaa nazo mimi, si maradhi.

Baada ya arubaini yake niliandika kundini yote haya niliyokwambieni. Kundi likanyamaza. Shangazi hakujibu siku nne. Kisha akapiga simu, hata salamu hakutoa: "Kwa nini hukusema?" Nikamwambia, shangazi, ulikataza siasa. Akasema: "Mimi nilikataza CCM na CUF. Nilikataza pumzi?"

Nilikosa jibu. Lakini nimelipata baadaye, na leo nalisema mbele yake, anisamehe. Shangazi, zile takwimu za yule kijana ulizifuta. Hukujua, na mimi nilinyamaza. Siasa haikuwa tena kile ulichokikataza wewe. Ilikuwa kile kilichokatazwa na mwenye nguvu, na sisi tukakihamishia ndani ya nyumba yetu kwa mikono yetu.

Tangu hapo tumebadilika kidogo. Mvua ya tarehe 14 Aprili 2024 ilipochukua wale watoto wa skuli hapo jirani zetu, Samad al Shan, picha zilianza kufika kundini kabla ya baadhi ya wazazi kujua. Niliandika, mimi mdogo kwa wakubwa, kwamba picha zile zifutwe sasa hivi. Zikafutwa. Na Oktoba 2025, intaneti ilipozimwa Tanzania siku ya uchaguzi, tarehe 29, ikakaa imezimwa siku tano hivi, shangazi mwenyewe alitengeneza orodha ya watu wetu wa kule. Anayempata mtu kwa simu ya kawaida anaandika: nimemsikia fulani, mwenyewe kwa sauti yake, saa tatu usiku. Video hatukuweka hata moja, kwa sababu hakuna aliyeweza kusema imepigwa wapi. Usiku wa tatu tulibakiwa na majina mawili. Binamu yule wa intaneti kafe alikuwa mmojawapo, na safari hii mimi ndiye niliyengojea jina lake liwake.

Jambo dogo kabla sijakaa. Tangu 2021 simu inaweza kuikimbiza sauti ya mtu mara mbili, nami nawaona vijana wanasikiliza wazee hivyo. Sauti ya mgonjwa ikikimbizwa, pumzi huzisikii.

Shangazi yupo hapa, amekaa karibu na mlango, ananitazama. Maneno yale matatu, sharti letu, bado yameandikwa juu ya kundi mpaka leo. Nimemuomba mara mbili ayabadilishe, akanijibu tutaona. Leo namuomba mara ya tatu, na nyote mnasikia.