Wembe Mmoja, Mtu Mmoja

(Maneno ya mazungumzo kwa watu wa Meru na Embu juu ya kuchagua wembe wa bei nafuu na namna njema ya kunyoa)



Wahenga walisema, "Ukiona mwenzio akinyolewa, wewe tia maji." Methali hii husemwa barazani, shuleni na hata kanisani, kumwonya mtu ajiweke tayari kabla jambo halijamfikia. Lakini maana yake ya asili nayo ni ya kweli tupu: nywele kavu huumiza, na mwenye akili hulowesha kichwa chake mapema. Siku hizi methali hiyo yafaa iongezewe neno moja. Ukiona mwenzio akinyolewa, tia maji, kisha utazame ni wembe gani unaokuja kwako baada yake.

Mazungumzo haya yahusu mambo matatu: wembe gani wamfaa mtu mwenye fedha kidogo, jinsi ya kunyoa pasipo kuharibu ngozi, na sababu ya kutoshirikiana wembe hata na ndugu wa tumbo moja.

NYEMBE ZA ZAMANI NA ZA SASA

Kunyoa si jambo geni katika nchi hizi za upande wa mashariki wa Mlima Kenya. Kabla ya maduka kuja, wahunzi walifua nyembe za chuma, na kunyolewa kichwa kulikuwa sehemu ya desturi nyingi, za furaha na za msiba. Wembe ule ulikuwa mali ya kudumu. Ulipokuwa butu, ulinolewa ukatumiwa tena.

Wembe mwembamba wa makali mawili, ule unaouzwa umefungwa katika kikaratasi, ulitoka Marekani. Mtu aliyeitwa King Camp Gillette alianza kuuuza mwaka wa 1903, na mwaka uliofuata akapewa hataza, yaani haki ya pekee ya kutengeneza kitu hicho. Mwaka ule wa kwanza kampuni yake iliuza vishikio 51 tu na nyembe 168. Lakini katika Vita Kuu ya Kwanza askari wa Marekani walipewa vishikio kwa mamilioni, na waliporudi makwao walirudi na desturi ya kujinyoa wenyewe kila siku.

Hataza zile za kwanza ziliisha mwaka wa 1921, na hapo wengine nao wakawa huru kutengeneza. Ndiyo sababu leo wembe wa makali mawili hufanywa na viwanda vingi katika nchi nyingi, na karibu wote huingia katika kishikio kile kile. Mwenye kishikio hafungwi na kampuni moja. Akikosa wembe wa jina hili atanunua wa jina lile. Baadaye, tangu miaka ya 1960, zilienea nyembe za chuma kisichoshika kutu upesi, na mwaka wa 1975 kampuni ya Bic ikaleta wembe wa kutupa wenye mpini wa plastiki. Zilikuja pia nyembe za makali mawili, matatu, hata matano yaliyopangwa pamoja katika kichwa kimoja. Hizo kwa kawaida haziingii ila katika mpini wa kampuni iliyozitengeneza, na mwenye mpini hana budi kununua kwa bei atakayotajiwa.

HESABU YA MWAKA MZIMA

Watu wengi huipima bei ya wembe siku ile wanaponunua. Hiyo si hesabu. Bei ya wembe huonekana mwisho wa mwaka.

Na uchukuliwe mfano wa mtu anyoaye ndevu mara tatu kwa juma. Mtu huyo hunyoa mara 156 kwa mwaka. Ikiwa wembe wa makali mawili wauzwa shilingi 10 na humfaa mara tano, atahitaji nyembe 32, yaani shilingi 320. Ikiwa wembe wa kutupa wauzwa shilingi 40 na humfaa mara tano vilevile, atatumia shilingi 1,280. Ikiwa kichwa cha makali mengi chauzwa shilingi 250 na humfaa mara kumi, atanunua 16, na gharama yake itakuwa shilingi 4,000. Mwenzake anyolewaye na kinyozi mara moja tu kwa juma kwa shilingi 50 atatoa shilingi 2,600.

Hizo ni bei za mfano tu. Kila mtu na aweke bei za duka lake, awe Nkubu, Maua, Chuka, Runyenjes au Siakago, ahesabu upya. Sura ya hesabu kwa kawaida haitabadilika sana. Kinachomzuia maskini ni kishikio, ambacho hununuliwa mara moja kwa fedha zaidi. Lakini hata kikiuzwa shilingi 500, pamoja na nyembe za mwaka wa kwanza jumla ni shilingi 820, na mwaka wa pili hurudi kuwa 320. Kishikio cha chuma kikioshwa na kukaushwa hudumu miaka mingi. Mkulima wa kahawa hupata malipo yake mara chache kwa mwaka, na yule wa majani ya chai hungoja bonasi. Kishikio ni kitu cha kununuliwa wakati huo, kabla fedha hazijayeyuka kwa mambo madogo madogo.

Wako pia wasemao, "Kishikio cha nini? Vidole vyangu vyatosha." Hao hushika wembe mtupu mkononi, na wengine huuvunja vipande viwili wagawane. Ni kweli kwamba njia hiyo haina gharama ya kishikio. Lakini wembe mtupu hauna kitu cha kuzuia makali yasizame, na mkono ukiteleza kidogo hukata mwenye kunyoa na mwenye kunyolewa pamoja. Rahisi ni ghali.

NDEVU ZILIZOJIKUNJA

Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Ndevu za Waafrika wengi zimejikunja. Zikikatwa karibu mno na ngozi, ncha iliyobaki huwa kali, nayo ikianza kukua huinama na kujichoma tena katika ngozi ile ile ilimotoka. Ngozi huona kama imeingiwa na mwiba. Huvimba, ikatoa vipele vyenye kuwasha, na mara nyingine usaha. Mwenye vipele huona haya, hunyoa zaidi apate kuvificha, na kwa kufanya hivyo huzidisha ugonjwa.

Nyembe za makali mengi hulizidisha jambo hili kwa watu wengi. Kali la kwanza hulivuta unywele, na lile linalofuata hulikata chini ya uso wa ngozi. Kwa hiyo shavu huwa laini siku moja, na baada ya siku chache huwa na vipele. Kwa mtu wa namna hii wembe wa kali moja, ulio wa bei nafuu, humfaa kuliko ule wa fahari. Si mara nyingi kwamba afya na mfuko hukubaliana, lakini katika jambo hili hukubaliana.

Mtu ambaye amekwisha kupata vipele na aache ndevu zake zikue kwa majuma matatu au manne, wala asivikamue. Baadaye atumie mashine ya kukatia nywele, akiacha ndevu fupi sana badala ya kuzing'oa uso mzima. Hali kadhalika wale wanaopata vipele vigumu kisogoni: wamwambie kinyozi asikwangue sehemu ile, maana kwa watu wengine vipele hivyo hugeuka kuwa makovu makubwa yasiyoondoka. Visipopoa, waende zahanati mapema.

NAMNA NJEMA YA KUNYOA

Kunyoa vizuri hakuhitaji maji mengi. Hata katika sehemu kavu za Mbeere na Tharaka, ambako debe la maji hutoka mbali, kikombe kimoja cha maji ya moto chatosha.

Kwanza, uso uoshwe kwa sabuni, kisha kitambaa safi kilichochovywa katika maji ya moto kiwekwe juu ya ndevu kwa dakika mbili au tatu. Ndevu zilizolowa hulainika, na wembe huzikata bila kuzivuta. Hapo ndipo methali ya wahenga inapotimia.

Pili, lipakwe povu jingi la sabuni. Si lazima liwe lile la kopo la bei kubwa. Sabuni ya kunyolea na burashi hutosha, hata sabuni laini ya kuogea hufaa kwa asiye na nyingine.

Tatu, kishikio kishikwe kwa wepesi, kikilala kidogo juu ya ngozi, bila kukandamizwa. Uzito wa kishikio wenyewe ndio ufanyao kazi. Wembe upite kwa kufuata upande ambako ndevu zinalala, mara moja tu, kwa mapigo mafupi, na kusuuzwa baada ya kila mapigo machache. Ngozi isivutwe kwa nguvu, wala wembe usirudishwe kinyume kutafuta ulaini wa kitoto.

Nne, uso usuuzwe kwa maji baridi na kukaushwa kwa kupapasa, si kwa kusugua. Pakitoka damu kidogo, shabu iliyoloweshwa huizuia. Na kipande hicho cha shabu nacho kiwe cha mtu mmoja. Wembe usuuzwe, ukung'utwe maji, uwekwe mahali pakavu. Ukianza kuvuta ndevu, umekwisha, usitumiwe tena.

DAMU ISIYOONEKANA

Mabwana, mambo yaliyotangulia ni ya fedha na ya uzuri wa uso. Hili la mwisho ni la uhai.

Kila mara wembe upitapo, hukwangua ngozi na kufanya majeraha madogo ambayo jicho halioni. Damu kidogo sana hubaki katika makali, na mtu wa pili akinyolewa kwa wembe ule, damu ile huweza kuingia katika mwili wake. Virusi vya Ukimwi vyaweza kupita njia hiyo, na hasa virusi vya homa ya ini aina ya B, ambavyo huweza kuishi juu ya kitu kikavu kwa muda wa siku saba au zaidi. Homa hiyo huweza kukaa mwilini miaka mingi pasipo dalili, huku ikiliharibu ini polepole, na mwisho wake kwa wengine ni saratani.

Chanjo yake ipo. Iliingizwa katika chanjo za watoto wachanga wa Kenya mwaka wa 2001. Maana yake ni kwamba watu wazima wengi waliozaliwa kabla ya mwaka huo hawakuipata utotoni, na hao ndio baba na mama wa nyumba za leo. Yawafaa waulize hospitalini habari za kupimwa na kuchanjwa.

Basi na itazamwe desturi moja iliyo ya kawaida vijijini. Siku ya Jumamosi mama hukaa uani na wembe mmoja, watoto wamepanga mstari, naye huwanyoa vichwa mmoja baada ya mwingine hadi wa mwisho. Afanya hivyo kwa upendo, na kwa kuokoa shilingi chache. Lakini choa cha kichwani, ambacho wengine hukiita mashilingi, huhama kwa njia hiyo kutoka kwa mtoto mmoja hadi kwa wote, na magonjwa ya damu huweza kupita njia ile ile. Wembe mpya kwa kila mtoto hugharimu kidogo kuliko nauli ya kwenda hospitali mara moja.

Kufuta wembe kwa kitambaa hakuondoi virusi, wala kuusuuza katika beseni ambalo wengine wamekwisha kusuuzia. Anyolewaye kwa kinyozi ana haki ya kuona wembe mpya ukifunguliwa kutoka katika kikaratasi chake mbele ya macho yake, na mashine ikisafishwa nywele na kufutwa kwa spiriti kabla haijamgusa. Kinyozi mwema hataudhika akiulizwa. Na akiudhika, soko lina vinyozi wengine.

Jambo hili si gumu kukubaliwa. Katika tohara ya vijana, ambayo watu wa Meru na Embu huiheshimu sana, ilikuwa zamani kisu kimoja kuwapitia vijana wengi. Ugonjwa wa Ukimwi ulipojulikana, wazee walielewa hatari, na ikahimizwa kwamba kila kijana awe na wembe wake. Desturi haikufa kwa sababu hiyo, iliokoka. Lililowezekana katika jambo kubwa namna ile haliwezi kushindikana katika kunyoa ndevu.

Hatimaye, wembe uliokwisha usitupwe migombani au kwenye jaa. Mtoto atembeaye pekupeku ataukanyaga, na ng'ombe ataumeza pamoja na majani. Kopo tupu litobolewe tundu jembamba juu, nyembe ziingizwe humo mwaka mzima, na likijaa litumbukizwe katika choo cha shimo.

Kishikio kimoja cha kudumu, wembe wa bei nafuu, kikombe cha maji ya moto, na mkono usio na haraka: hayo yamtosha mtu kuwa nadhifu mbele ya watu. Baba akiisha kujinunulia kishikio chake, na amnunulie cha pili kijana wake aliyeanza kuota ndevu. Ndugu na wagawane chakula, na shamba, na hata kanzu; lakini wembe, kila mtu na awe na wake.