Masta ya Usiku na Mkopo wa Vitenge
(Maneno aliyoyasema Mweka Hazina siku ya kuadhimisha miaka kumi ya kikundi)



Kamati imenipa dakika kumi nieleze nilivyosoma shahada ya uzamili, yaani masta, katika fedha za maendeleo endelevu huku nikiwa kazini kutwa. Wametaka niwatie moyo mabinti zetu. Nitajaribu. Lakini ndani yake lipo jambo ambalo si la kutia moyo, na nimeona nilitoe leo leo, maana nikisubiri kikao cha kawaida nitatafuta udhuru.

Zamani mfanyakazi akitaka kusoma ilibidi aombe ruhusa, afunge nyumba, asafiri. Njia ilianza kufunguka Bunge lilipotunga sheria ya Chuo Kikuu Huria mwaka 1992. Chuo kikaanza masomo mwaka 1994, na mkuu wake wa kwanza alikuwa Mzee John Malecela, mtu wa hapa hapa kwetu. (Makofi) Mimi nami nikajiandikisha kusoma kwa masafa.

Ratiba yangu ilikuwa hivi. Saa moja na nusu asubuhi niko ofisini, natoka saa tisa na nusu alasiri. Sokoni, jikoni, madaftari ya watoto, saa tatu usiku nimelala. Saa tisa usiku naamka, nasoma mpaka saa kumi na moja. Isipokuwa siku ya zamu ya maji! Siku hiyo hakuna kusoma, ni kukinga ndoo. (Kicheko) Nacheka sasa, ila kuna mtihani niliufeli kwa sababu ya usingizi tu, nikaurudia kwa gharama yangu. Binti anayetaka kusoma akiwa kazini asidanganywe kwamba atafanya kila kitu. Kuna misiba sikwenda. Kuna vikao hapa nilitoa faini mfululizo.

Tunachosoma humo ni nini? Kwa kifupi, ni namna ya kukopesha na kuwekeza fedha bila kuharibu ardhi, maji na watu ambao kesho watatakiwa kulipa. Nilishangaa kukuta hata sanduku letu limeandikwa vitabuni. Utaratibu huu wa kununua hisa, kukopeshana na kugawana mwisho wa mzunguko ulianzia Niger, kwa akina mama wa Maradi, mwaka 1991, chini ya shirika la CARE. Nchi kame kama yetu. Hapa nchini Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imetuweka daraja la nne. Msijione wadogo, ni daraja la watu wanaojuana.

Halafu tukasoma hatifungani. Hatifungani ni mkopo ambao wananchi wanaipa benki, kampuni au serikali, wanalipwa riba, na siku iliyotajwa wanarudishiwa mtaji. Mwaka 2022 benki ya NMB ilitoa Hatifungani ya Jasiri kwa ajili ya kukopesha biashara za wanawake. Walitafuta shilingi bilioni 25, wakapata bilioni 74.3. Mwaka 2023 CRDB wakatoa ya Kijani, kwa miradi inayotunza mazingira. Walitaka bilioni 40, zikaja bilioni 171.8. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga nayo ikaingia sokoni kutafuta bilioni 53.12 za kupanua huduma ya maji. Sisi wa ndoo za zamu tulisikie hilo. (Makofi)

Sasa hatifungani ya kijani ina sharti moja kubwa. Fedha itumike kwa lile lililoandikwa, na aliyeichukua atoe taarifa aliipeleka wapi. Nililisoma sharti hilo saa tisa usiku, nikafunga kitabu.

Kwa sababu ada ya mwaka wa kwanza niliikopa humu kikundini. Katiba yetu inaruhusu mkopo wa biashara, kilimo, ugonjwa na ada ya mtoto. Ada ya mama mtu mzima haimo. Kwenye fomu mimi nikaandika: "Biashara ya vitenge." Sikuuza hata kitenge kimoja. Marejesho nililipa yote, riba nililipa, kwenye vitabu niko safi. Lakini wiki ile ile ya Novemba mama mmoja mwenzetu aliomba fedha ya kulimiwa na mbegu za alizeti. Sanduku halikutosha, akaambiwa asubiri mwezi ujao. Nanyi mnajua mvua zetu ni za msimu mmoja, hazimsubiri mtu. Alipanda kwa kuchelewa, mvua zikakatika alizeti ikiwa haijajaza. Alivuna viroba vya kuhesabu kwa kidole.

Wakati ule sikuwa mweka hazina, lakini leo ndiye. Ndiyo maana nasema.

Wiki iliyopita nilikwenda kwake. Nilimwamkia, akanikaribisha mkeka, nikamweleza yote. Akaendelea kupeta mtama wake. Kisha akasema, "Mwanangu, mimi nilijua. Vitenge gani, nawe umevaa gauni moja miaka miwili?" (Kicheko) Nikalia, jamani. Akaniacha nilie. Halafu akauliza, "Haya, na hiyo masta yako, imesemaje? Mbegu zikopeshwe mwezi gani?"

Ndilo swali lililonifaa kuliko maswali yote ya wasahihishaji. Kwa tasnifu yangu niliomba kwenu ruhusa ya kupitia daftari za marejesho, mkanipa. Ucheleweshaji wetu umerundikana Januari hadi Machi, na wengi waliochelewa ni wakulima. Si wavivu. Mkopo wetu ni wa miezi mitatu na rejesho linaanza mwezi unaofuata. Aliyekopa Novemba anadaiwa Desemba, alizeti bado iko ardhini mpaka Mei au Juni. Atatoa wapi? Anauza mbuzi, au anakwenda kwa hawa wa kausha damu, analipa deni letu kwa deni baya zaidi. Kwa hiyo hata kwa sheria zetu halali tunamfanyia mkulima kile nilichomfanyia mama yule kwa uongo.

Ndugu Mwenyekiti, nimeleta maombi mawili kwa maandishi, yajadiliwe kikao kijacho. Mkopo wa shamba utolewe Oktoba, urejeshwe kwa mkupuo Julai baada ya mauzo, riba iwe ile ile. Tutahitaji kubakiza fedha sandukuni badala ya kugawana yote, najua hapo patakuwa na maneno. La pili, ada ya mwanachama mwenyewe iingizwe kwenye katiba, mtu aandike ukweli kwenye fomu.

Faini ya kusema uongo kwenye fomu ipo, kifungu tunakijua. Nimeileta kwenye bahasha hii. Na kama kikao kitaamua ufunguo wangu wa sanduku ukae kwa mwingine, nitaukabidhi siku hiyo hiyo. Leo nimekuja nao, maana Mgeni Rasmi ameahidi kutunisha mfuko. (Kicheko na makofi)