Kuahirisha na Kukatisha Masomo ya Chuo Kikuu: Athari Zake kwa Mkopo wa Mwanafunzi

Mada hii inachunguza yanayompata mnufaika wa mkopo wa elimu ya juu nchini Tanzania pindi anapoahirisha masomo au kuyakatisha kabla ya kuhitimu. Hoja yake kuu ni kwamba deni la anayeondoka njiani halipimwi kwa masomo aliyofaulu bali kwa fedha zilizokwisha kutolewa kwa jina lake, na kwamba utaratibu wa kulirejesha umejengwa kwa kumfikiria mhitimu mwenye ajira, ilhali aliyeondoka bila shahada ndiye mwenye nafasi finyu zaidi ya kuipata ajira hiyo.

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa Sheria Na. 9 ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005, hutoa mkopo kwa mafungu. Ada hupelekwa chuoni moja kwa moja, na fedha za chakula na malazi, ambazo wanafunzi huziita bumu, humfikia mwanafunzi mwenyewe kwa awamu. Kwa kiwango cha shilingi 10,000 kwa siku kilichoanza kutumika mwaka wa masomo 2022/23, awamu ya siku 60 ni shilingi 600,000, na mwanafunzi aliyesaini fedha hizo kisha akaondoka wiki ya pili hudaiwa zote, pamoja na ada iliyokwisha kulipwa, hata kama hakufanya mtihani wowote. Kwa hiyo tarehe ya kuondoka ina uzito mkubwa kuliko wanafunzi wengi wanavyodhani.

Ni lazima kutofautisha hali mbili. Kuahirisha ni kusimamisha masomo kwa ruhusa ya maandishi ya chuo, kwa sababu kama ugonjwa, uzazi au msiba, huku nafasi ya mwanafunzi ikihifadhiwa. Mkopo husimama kwa kipindi hicho na huendelea baada ya chuo kuithibitishia Bodi kwamba mhusika amerejea. Kukatisha ni kutoka kabisa, ama kwa hiari, ama kwa kuondolewa kutokana na matokeo mabaya, hali ambayo wanafunzi huiita kudisco. Kati ya hizo mbili kuna wanaotoweka kimyakimya bila barua, na hao ndio wenye hatari kubwa, kwa kuwa aliyekuwa na sababu halali ya kuahirisha huishia kuhesabiwa kuwa ameacha masomo, jambo ambalo karatasi moja ingelizuia.

Uzito wa tofauti hiyo huonekana zaidi mtu anapotaka kurudi. Miongozo ya Bodi imekuwa ikimtaka mwombaji aliyewahi kupata mkopo na kuacha masomo arejeshe kwanza angalau asilimia 25 ya fedha alizopokea ndipo afikiriwe tena. Kwa kijana wa familia ya wakulima wadogo, sharti hilo linaweza kuufunga mlango wa chuo kwa miaka mingi, hasa ikizingatiwa kwamba alikopeshwa kwa sababu familia yake haikuwa na uwezo.

Kuhusu marejesho, mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara, kiwango kilichowekwa kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2016. Mwaka 2021 Serikali iliondoa tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya mkopo na adhabu ya asilimia 10 kwa wanaochelewa, hatua iliyowapa nafuu ya kweli walioacha masomo, kwani deni lao lilikuwa likikua wakati kipato hakipo. Hata hivyo makato ya mshahara hayamgusi anayeuza mitumba au kuendesha bodaboda. Yeye hutakiwa kujipeleka mwenyewe, na asipofanya hivyo usumbufu unaweza kumwangukia mdhamini wake, ambaye mara nyingi ni mzazi au ndugu.

Inapendekezwa, basi, kwamba fomu ya kuahirisha au kuacha masomo isikamilike bila kupita kwa afisa mikopo wa chuo, ambaye ataandika humo kiasi kilichokwisha kutolewa, awamu inayofuata na hatima yake, pamoja na masharti ya kurudi, na nakala apewe mwanafunzi na mdhamini wake kabla mwanafunzi hajakabidhi chumba cha bweni. Sharti la asilimia 25 nalo lilegezwe kwa walioondoka kwa ugonjwa uliothibitishwa na daktari.