Mazoezi ya Ubongo: Yanasaidia Nini na Hayasaidii Nini

Maneno yafuatayo yalitolewa na afisa wa Idara ya Afya ya kaunti katika kikao cha wazee, wazazi na vijana. Tumeyachapisha kwa manufaa ya wakazi ambao hawakuweza kufika.



Swali nililopewa nijibu leo ni hili: je, mazoezi ya ubongo yanaongeza kumbukumbu? Wanaoliuliza ni wa aina mbili. Kuna wazee ambao wameanza kusahau majina ya watu na mahali walipoweka vitu, na wanaogopa. Kisha kuna wazazi na wanafunzi wanaotazama mtihani wa kidato cha nne unavyokaribia. Wote wameona kwenye simu matangazo ya michezo ya kunoa bongo. Lipia kila mwezi, cheza dakika chache kwa siku, na akili itakuwa kali kama wembe.

Nitatoa jibu kwanza, kisha nieleze. Mazoezi ya ubongo yanakufanya uwe hodari katika zoezi lenyewe. Uhodari huo hauhami kwa urahisi kwenda kwenye mambo mengine ya maisha. Anayekwea mnazi kila siku huwa stadi wa kukwea, lakini hilo halimfundishi kuogelea. Kwa hiyo kabla ya kutoa pesa zako, jiulize: ninataka kuwa bingwa wa mchezo huu, au ninataka kukumbuka kumeza dawa zangu?

Watafiti wamegundua nini?

Mwaka wa 1980, watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, walichapisha habari za mwanafunzi mmoja. Walikuwa wakimsomea tarakimu moja baada ya nyingine, naye azirudie kwa mpangilio uleule. Alipoanza aliweza tarakimu 7 hivi, kama watu wengi. Baada ya zaidi ya saa 230 za mazoezi, aliweza kurudia tarakimu 79. Ungedhani kumbukumbu yake imekua mara kumi. Lakini walipoacha tarakimu wakamsomea herufi, alirudi chini kabisa, kwenye herufi 6 hivi.

Siri ilikuwa nini? Kijana huyo alikuwa mkimbiaji. Alijifunza kuzigeuza tarakimu ziwe muda wa mbio. 3492 kwake ilikuwa dakika 3 na sekunde 49.2, muda wa mkimbiaji hodari wa maili moja. Sisi Wakenya tunamwelewa vizuri. Alikuwa amepata mbinu nzuri ya tarakimu, na kwenye herufi mbinu hiyo ilikosa pa kushika.

Mwaka wa 2010 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanywa Uingereza pamoja na shirika la utangazaji la BBC. Watu 11,430 walifanya mazoezi ya akili kwenye kompyuta kwa wiki 6. Kwa jumla walipata nafuu katika michezo waliyoifanya. Walipopimwa kwa maswali mengine ambayo hawakuyafanyia mazoezi, hawakuonyesha faida yoyote ya maana, hata pale ambapo maswali hayo yalifanana na michezo yao.

Sasa sikilizeni upande wa pili, maana si haki kusema hakuna faida kabisa. Kule Marekani, wazee 2,832 wenye umri wa miaka 65 na zaidi waligawanywa katika makundi manne. Kundi moja lilifundishwa mbinu za kukumbuka, la pili mbinu za kufikiri na kutatua mafumbo, la tatu wepesi wa kutambua vitu kwenye skrini. Kundi la nne halikufundishwa. Mafunzo yalikuwa vipindi 10 hivi kwa wiki 5 au 6. Kila kundi liliboreka katika kile lilichofundishwa. Miaka 10 baadaye, faida ya kufikiri na ya wepesi ilikuwa bado ipo, lakini ile ya kumbukumbu haikuonekana tena. Wazee waliofundishwa walisema wenyewe kwamba wanapata taabu kidogo zaidi katika shughuli za nyumbani, kama kupika na kupanga matumizi ya pesa, kuliko wale ambao hawakufundishwa. Hata hivyo, walipopewa kazi kama hizo wazifanye mbele ya watafiti, tofauti hiyo haikuonekana.

Kwa hiyo faida ipo, ni ndogo, na hukaa karibu na kile ulichojifunza.

Jihadhari na matangazo

Mwezi wa Januari 2016, kampuni ya Marekani inayotengeneza michezo ya Lumosity ilikubali kulipa dola milioni 2 baada ya kushtakiwa na Tume ya Biashara ya serikali ya nchi hiyo. Matangazo yake yalikuwa yamedai kwamba michezo hiyo humsaidia mtu kufanya vizuri zaidi kazini na shuleni, na kwamba inachelewesha kupungua kwa akili uzeeni. Tume ilisema kampuni haikuwa na ushahidi wa kutosha wa madai hayo.

Simwambii mtu aache mchezo anaoupenda. Jaza mafumbo ya maneno, cheza bao, cheza ajua, cheza drafti pale kivulini. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka wa 2003 ulifuatilia wazee 469 wa New York, na ukaona kwamba waliokuwa wakisoma, kucheza michezo ya ubao, kupiga ala za muziki na kucheza dansi walipata ugonjwa wa kusahau kwa kiwango kidogo zaidi. Utafiti wa aina hiyo hauwezi kuthibitisha kwamba mchezo ndio uliowakinga, kwa sababu huenda mtu ambaye ubongo wake umeanza kudhoofika huacha michezo mapema. Lakini bao halina malipo ya kila mwezi, na linakukalisha na wenzako. Ninachosema ni kwamba pesa za chakula au za dawa zisiende kununua ahadi ambayo haijathibitishwa.

Fanyia mazoezi kile unachokihitaji

Ikiwa mazoezi hukuboresha katika lile unalolifanya, basi fanya lile lile unalolitaka.

Kwa wanafunzi: funga kitabu, kisha andika au sema unachokumbuka. Mwaka wa 2006 watafiti wawili wa Marekani waliwapa wanafunzi makala ya kusoma. Wengine waliyarudia kuyasoma, wengine walijipima kwa kuandika walichokumbuka. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja, waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Mtihani hauji baada ya dakika 5. Kwa hiyo jipime leo, jipime kesho kutwa, jipime tena wiki ijayo, na ulale usingizi wa kutosha. Hilo halihitaji bando.

Kwa wazee na wenye dawa za kila siku: fungeni dawa na jambo ambalo hamlisahau, kama chai ya asubuhi. Wekeni daftari moja la dawa na siku za kliniki. Funguo, miwani na kitambulisho viwe na mahali pamoja pa kudumu. Ukitambulishwa kwa mtu mpya, litaje jina lake katika mazungumzo kabla hamjaagana. Unapotuma pesa kwa simu, acha kwanza maongezi, usome jina linalotokea, ndipo uweke nambari ya siri. Kuandika si udhaifu. Hata karani hodari ana daftari.

Ubongo hulindwa kwa kuulinda mwili

Hapa ndipo penye faida kubwa kuliko mchezo wowote wa simu. Mwaka wa 2024, jopo la wataalamu wa jarida la tiba la Lancet lilitaja mambo 14 yanayochangia ugonjwa wa kusahau, na likakadiria kwamba karibu asilimia 45 ya visa duniani vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa kama mambo hayo yangeondolewa yote. Miongoni mwake ni presha ya juu, kisukari, uvutaji wa sigara, ulevi wa kupindukia, kukaa bila kutembeatembea, kuishi mpweke, kuumia kichwa, na kupungua kwa uwezo wa kusikia au kuona bila kupata matibabu.

Angalieni orodha hiyo, kisha mwangalie mtaa wenu. Presha haina maumivu, na mtu anaweza kukaa nayo miaka mingi huku inaharibu mishipa midogo ya damu ndani ya ubongo. Tangu mwaka wa 2023, wahudumu wa afya ya jamii nchini wamepewa mikoba yenye vifaa vya kupimia presha na sukari. Mhudumu akibisha hodi, mkaribisheni awapime. Kijana wa boda boda, kofia yako ya chuma ni kinga ya kumbukumbu zako, na kofia ya abiria ni kinga yake. Na mzee asiyesikia vizuri asiachwe pembeni kwenye mazungumzo. Apelekwe akapimwe masikio, wakati mwingine ni nta tu imeziba.

Nchini Finland, wazee 1,260 wenye umri wa miaka 60 hadi 77 walifuatiliwa kwa miaka 2. Nusu yao walipata mafunzo ya lishe, mazoezi ya mwili, mazoezi ya ubongo na uangalizi wa presha na sukari, vyote kwa pamoja. Nusu nyingine walipata ushauri wa kawaida wa afya. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2015, na waliopata vyote kwa pamoja walifanya vizuri zaidi kwenye vipimo vya akili. Mazoezi ya ubongo yalikuwa sehemu moja tu ya mpango huo.

Kusahau kukizidi

Mwisho nina ombi. Kusahau jina kisha ukalikumbuka jioni ni jambo la kawaida umri unaposogea. Lakini mtu akipotea njia aliyoizoea, akishindwa kuhesabu pesa alizokuwa akihesabu, akiuliza swali lilelile mara nyingi kwa saa moja, au akibadilika tabia, hapo chemsha bongo si dawa. Mpelekeni kituo cha afya. Baadhi ya visababishi hutibika: dawa zisizomfaa, ukosefu wa vitamini B12, matatizo ya tezi la shingo, au sonona. Na akichanganyikiwa ghafla, au mdomo ukapinda, au mkono ukalegea, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo, msingoje asubuhi.

Ninyi mnajua kwa nini nasisitiza hili. Katika nchi yetu, Kilifi na Kisii zikiwemo, wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi. Mama anayetangatanga usiku na kuongea peke yake mbele ya mlango wa jirani anaweza kuwa mgonjwa asiyejua yuko wapi. Anahitaji kushikwa mkono na kurudishwa nyumbani, kisha apelekwe kwa daktari. Atakayemnyoshea kidole na kumwita mchawi anahatarisha maisha yake. Vijana, hilo naliacha mikononi mwenu, kwa sababu ninyi ndio mnaofika kwanza kelele zikipigwa.

Basi tukubaliane. Cheza mchezo wako kwa raha yako. Jifunze mbinu ya kile unachokisahau. Pima presha. Na mzee wako akianza kusahau, usimfiche na usimwache.

Wakazi wanaotaka kupimwa presha na sukari wanaweza kumwona mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chao au kufika katika zahanati iliyo karibu nao.