Mlezi Naye Ahesabiwe

Msikilizaji wa Sitalike, wa Mpanda Mjini, wa Nsimbo yote na Mpimbwe, leo naomba tuuzungumzie ugonjwa ambao kila kitongoji kinaujua, hata kama jina lake la hospitali ni geni: skizofrenia. Ni ule wa kijana aliyekuwa anasoma vizuri, au analima vizuri, akaanza kujitenga, akaacha kuoga, akawa anajibizana na sauti ambazo ninyi hamzisikii, akashikilia kwamba jirani anamtilia sumu kwenye maji. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ugonjwa huu unampata mtu 1 katika kila watu 300 hivi. Piga hesabu ya kata yako, halafu ujiulize watu hao wako wapi.

Wengi wako ndani. Wapo waliofungwa kamba mguuni nyuma ya nyumba, na mara nyingi aliyefunga kamba hiyo ni mama mzazi. Kijiji chetu cha Sitalike kinapakana na Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Mto Katuma una viboko, ng'ambo kuna nyati na simba, na mtoto wake hutoka saa nane za usiku akifuata sauti inayomwita. Anayetaka kumlaumu mama huyo aanzie hapo: amelala lini, na nani amempokea zamu?

Ninaanza na mama kwa sababu utafiti nao umefika kwake. Katika nchi zenye kliniki maalumu za skizofrenia, zile zinazotibu na kutafiti kwa pamoja, watu wamejiuliza kwa miaka mingi timu ya tiba iwe na nani na nani. Marekani walifanya jaribio kubwa, matokeo yakatangazwa mwaka 2015. Walikuwa wagonjwa 404 katika kliniki 34, wote wakiwa bado mwanzoni mwa ugonjwa. Nusu ya kliniki ziliendelea na utaratibu wake wa kawaida. Nusu nyingine zilipewa timu kamili: wa kuandika dawa, wa kuzungumza na mgonjwa, wa kuielimisha familia, na mmoja ambaye kazi yake ni kumrudisha mgonjwa shuleni au kazini. Baada ya miaka 2, waliokuwa mikononi mwa timu walidumu zaidi kwenye matibabu na maisha yao yalitengemaa zaidi kuliko ya wenzao. Waliofaidika zaidi ni waliofika mapema. Na nusu ya wagonjwa wale walikuwa wameishi na ugonjwa wiki 74 au zaidi kabla ya kupata tiba inayofaa. Marekani, msikilizaji, yenye hospitali kila kona. Kwa hiyo familia ya hapa iliyochelewa isijione ndiyo pekee duniani.

Kwetu pia kuna kilichofanyika, na ninatamani kijulikane zaidi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, akiwamo Profesa Sylvia Kaaya, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Duke wakiongozwa na Joy Noel Baumgartner, walianzisha mradi walioupa jina la Kuwezeshana Kupata Uzima, kwa kifupi KUPAA. Waliujaribu katika Hospitali ya Taifa Muhimbili na Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Walichukua wagonjwa 66, kila mmoja na ndugu anayemlea. Hawakumwacha ndugu kwenye benchi la nje akingoja kuitwa. Kwa waliopangiwa huduma hiyo, mgonjwa na mlezi walikaa kwenye kikundi kimoja na familia nyingine, wakajifunza kwa Kiswahili ugonjwa ni nini, dawa zinafanya nini, dalili za kuanza upya zinakujaje, na mnagombana vipi nyumbani bila kuvunjana moyo.

Mbeya ndiko rufaa ya watu wa mkoa wetu wa Katavi inakoelekea. Basi linalotoka Mpanda kwenda huko linapita hapa hapa Sitalike, likaingia hifadhini, likashika Sumbawanga na Tunduma. Ni safari ya mamia ya kilomita. Sasa mpandishe humo kijana anayeamini kwamba abiria wote wanamteta, na mlezi wake mwenye nauli ya kukopa. Nani atalifanya hilo kila mwezi?

Nisimame kidogo kwenye sindano, maana hapo ndipo mambo mengi hujengeka au kubomoka. Kwa mgonjwa anayechoka au kusahau vidonge vya kila siku, ipo flufenazini, ile ambayo watu wanaiita sindano ya mwezi. Dawa yenyewe imeyeyushwa kwenye mafuta ya ufuta, ufuta huu huu tunaoujua mashambani. Muuguzi akiivuta inapanda polepole, nzito, ya rangi ya manjano. Huchomwa ndani ya msuli wa tako, ikakaa pale ikijiachia kidogo kidogo kwa wiki kati ya 2 na 4, kadiri ya mtu. Kwa hiyo tarehe iliyoandikwa kwenye kadi ni sehemu ya dawa. Mwezi ukipita bila chupa kufika, familia haioni mabadiliko siku ya kwanza wala ya tatu. Inaanza kuyaona pale kijana anapoacha tena kulala.

Dawa hizi zina maudhi yake, na mgonjwa anayeyalalamikia hasingizii. Mikono hutetemeka, taya hukaza, miguu haitulii. Kloropromazini huifanya ngozi iungue jua upesi, na hapa mtu analima mpunga juani mchana kutwa. Mlezi aliyeelezwa mapema atamvalisha kofia na mikono mirefu, na atarudi zahanati kueleza ya taya, kwa kuwa ipo dawa ya kulegeza. Asiyeelezwa atasema, tangu achomwe amezidi, na ataizuia sindano ya pili. Simlaumu. Hakuna aliyemwambia.

Mtu anaweza kuniambia kwamba timu kama ile ya Marekani inataka madaktari bingwa wa akili, nao nchini ni wachache. Ni kweli, ni wachache mno. Basi tutazame Ethiopia. Katika wilaya ya Sodo na maeneo ya jirani, watafiti waliwafuata watu 329 wenye magonjwa mazito ya akili. Baadhi waliendelea kuhudumiwa na wauguzi wa akili, wengine wakahudumiwa kwenye vituo vya kawaida vya afya, na wahudumu wa kawaida waliopewa mafunzo na usimamizi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022: baada ya mwaka mmoja, hali ya hawa wa vituoni haikuwa mbaya kuliko ya wale wengine. Tanzania yenyewe, mwanzoni mwa miaka ya 1980, ilijaribu njia inayofanana na hiyo katika mikoa ya Kilimanjaro na Morogoro, kwa kuipeleka huduma ya akili hadi zahanati. Kwa hiyo wazo hili lina historia ndefu hapa nyumbani.

Ninachowaomba madiwani wa Nsimbo ni hiki. Bajeti ya afya ikija mezani, ulizeni muuguzi wa afya ya akili atatoka Mpanda kuja huku siku gani ya mwezi, kwa gari lipi na kwa mafuta ya nani. Ni kilomita zisizozidi 40. Ulizeni chupa ngapi za sindano zimefika robo mwaka iliyopita. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii apewe orodha ya nyumba za kupitia, na ofisa ustawi wa jamii naye awe na jina kwenye orodha hiyo, kwa sababu kuifungua kamba ya mguuni kunahitaji mazungumzo, na mazungumzo hayo ni ya miezi.

Waganga na viongozi wa dini wasiachwe nje. Huku tunaishi karibu na Ziwa Katavi na mkwaju ambao Wabende wanaamini ni makao ya roho ya Katabi, na watu bado huacha sadaka zao chini yake. Familia nyingi zitaanza kwa mganga au kwenye maombi kabla ya hospitali. Waende, lakini anayewapokea aelekezwe dalili za kumtuma mtu zahanati siku hiyo hiyo: hali chakula, halali usingizi, anataka kujidhuru. Na mgonjwa asifungwe, asipigwe, asinyimwe chakula kwa jina la tiba yoyote.

Kama nyumbani kwenu yuko mtu wa namna hii, mpelekeni zahanati wiki hii, hata kama amekaa hivyo miaka. Aliyekwisha kuanza dawa msimwachishe kwa kuwa ameonekana mzima. Mwulizeni muuguzi kwanza. Na faili likifunguliwa, mlezi aseme ndiye anayekaa naye, ili jina lake na namba yake ya simu viandikwe humo, tarehe ya sindano ikibadilika apigiwe yeye.